Ndugu wa mnazi kwenye nchi ya theluji: jinsi ya kuupanda na kuuvusha majira ya baridi

Kila mwaka mvua za vuli zikianza kupungua hapa Mombasa, simu yangu hujaa picha za aina moja. Mnazi mchanga kwenye chungu, nazi yake imekaa nusu juu ya udongo, majani yamekauka kuanzia ncha, na nyuma yake dirisha lenye ukungu. Anayetuma yuko Leicester, Berlin au Toronto. Anauliza amekosea wapi, na wengi huuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, maana mnazi ule ndio uliokuwa pwani yake ndani ya nyumba.

Nilifanya kazi ya bustani kusini mwa Uingereza kwa miaka tisa, kisha nikarudi nyumbani, na sasa nina kitalu cha miche Kisauni. Baridi ile naijua kwa mikono, na minazi naijua tangu utotoni. Nimeona niyaandike haya mahali pamoja, ili mtu wa pwani aliyeko ugenini apande mti utakaokaa miaka, asiwe anazika mmoja kila Januari.

Moyo ni mmoja

Sisi watu wa pwani hatuna jina moja la miti hii. Tuna mnazi, mkoma, mvumo, mkindu, mtende, mpopoo, mchikichi, na kila mmoja umepata jina kwa kazi yake: ukindu wa mikeka, miyaa ya mkoma ya majamvi na vikapu, popoo ya kutafuniwa tambuu, makuti ya kuezekea. Lakini ukoo ni mmoja na tabia ni moja. Mwembe ukiukata juu, utachipua pembeni. Mnazi ukiukata kilele, umeua. Moyo wake uko pale juu, katikati ya majani, na kila jani utakaloliona maishani mwako limetoka humo. Aliyewahi kula moyo wa mnazi anajua kwamba ili aupate, mti mzima uliangushwa.

Basi kila ninachosema hapa chini, kuanzia shimo hadi kitambaa cha kufunikia, ni kwa ajili ya kuulinda moyo huo. Majani yakiungua kwa baridi, yataota mengine. Shina likichubuka, kovu litabaki lakini mti utaishi. Moyo ukioza wote, hakuna dawa ya kuurudisha.

Hatua ya kwanza: achana na mnazi, tafuta ndugu yake

Mnazi unapenda joto la nyuzi 27 hivi. Hapa kwetu hata usiku wa Julai na Agosti, kusi likivuma, kipimo hakiendi mbali chini ya nyuzi 20. Joto likikaa chini ya nyuzi 15 wiki nyingi, mnazi husimama kukua, na mizizi iliyokaa kwenye udongo baridi uliolowa huanza kuoza. Sakitu moja, yaani usiku mmoja wa umande kuganda, inatosha kuumaliza. Ukiuingiza ndani, adui anakuwa giza: mwezi wa Desemba kusini mwa Uingereza mchana una saa nane tu, na jua lenyewe liko chini, limefifia. Nimeona watu wakiununulia taa na kuunyunyizia maji kila asubuhi, na bado ukafa Februari.

Aliyetembea Haller Park pale Bamburi ameshaliona somo hili. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26. Zilizoshika zilikuwa tatu: mvinje, damas na mnazi. Jiwe tupu lenye chumvi ndilo lililochagua. Ulaya anayechagua ni baridi, tena baridi yenye maji ndani yake.

Wa kwanza kumfikiria ni *Trachycarpus fortunei*. Asili yake ni China, na Robert Fortune aliupeleka Uingereza mwaka 1849, ndiyo maana unabeba jina lake. Mimi na mpwa wangu aliyeko Uingereza tunauita mkoma wa China, kwa kuwa jani lake ni upepeo uliopasukapasuka kama la mkoma. Shina lake limevikwa nyuzi za rangi ya kahawia, na ukiligusa ukiwa umefumba macho utadhani umeshika kumbi la nazi. Mti uliokomaa huvumilia hadi nyuzi 15 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Mche mchanga hauwezi hivyo, kwa hiyo usiusomee mche sifa za baba yake. Kama bustani yako ina upepo mwingi, tafuta ule unaouzwa kwa jina la *wagnerianus*: majani yake ni mafupi na magumu, hayachaniki ovyo.

Wa pili ni *Chamaerops humilis*, wa nchi zinazoizunguka Mediterania: Hispania, Italia, Morocco, Algeria. Ni mfupi, una miiba kwenye vikonyo, na hutoa machipukizi mengi shinani, kwa hiyo shina moja likifa mengine hubaki. Unavumilia nyuzi 10 chini ya sifuri ikiwa udongo ni mkavu. Upepo wa bahari hauusumbui. Anayekaa ghorofani na ana kibaraza tu, huu ndio wake.

Aliyeko Marekani, mahali penye kiangazi cha joto kali na baridi kali pia, atafute *Rhapidophyllum hystrix* au *Sabal minor*, yote miwili asili yake ni kusini-mashariki mwa nchi hiyo hiyo. Huo wa kwanza huhesabiwa kuwa mgumu kuliko yote, unafika nyuzi 20 chini ya sifuri. Uingereza hauchangamki, kwa sababu kiangazi cha kule hakiupi joto la kukulia. Na ndugu zangu wa Minnesota nawaambia ukweli: hakuna mti wa ukoo huu utakaolala nje bila kufunikwa na kupashwa moto. Wekeni *Chamaerops* kwenye chungu, muutoe Mei, muurudishe kwenye gereji Oktoba.

Madukani utakutana na *Phoenix canariensis*, ndugu wa mtende na wa mkindu wetu, mzuri sana na mara nyingi bei ni nafuu. Katikati ya jiji kubwa kama London unaweza kukaa. Nje ya hapo utaishi miaka mitatu minne ya baridi laini, uupende, kisha mwaka mmoja mkali uuondoe. Mimi singeununua.

Hatua ya pili: kukagua kabla ya kulipa

Usianze kwa kutazama urefu. Tazama lile jani changa lililofungika katikati, lililosimama kama mkuki. Liwe kijani na gumu. Lishike kwa vidole viwili ulivute kidogo, kwa upole. Likikataa, mti ni mzima. Likicheza au likitoka, rudisha mti mahali ulipoukuta.

Kisha tazama matundu. Hapa kwetu tunajua chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anavyofanya: hutoboa kilele usiku, hukata jani likiwa bado limekunjwa, na siku likifunguka unaona limekatwa pembe tatu pembe tatu kama kwa mkasi. Kusini mwa Ulaya kuna wadudu wao. Kuna kipepeo mkubwa aliyetoka Amerika Kusini, *Paysandisia archon*, ambaye kiwavi wake hula ndani ya shina na kuacha mstari wa vitobo kwenye jani lililofunguka. Kuna pia fukusi mwekundu wa mitende. Miti mingi inayouzwa kaskazini hulelewa kwanza Hispania au Italia, basi ukiona mstari wa vitobo au unga wa mbao shinani, ondoka.

Ukubwa unaofaa ni mti ulio kwenye chungu cha lita 10 hadi 20. Mkubwa zaidi ni pesa nyingi, na huchukua muda mrefu kushika. Mdogo zaidi hauna akiba ya kupambana na baridi yake ya kwanza.

Hatua ya tatu: upande wa jua

Hili linatupoteza sisi tuliokulia nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Mombasa jua linapita utosini, na hakuna anayejenga akijiuliza ukuta gani hautaona jua mwaka mzima. Kule jua linatembea upande wa kusini, na majira ya baridi linapita chini sana. Ukuta unaotazama kaskazini hauoni jua hata dakika moja miezi kadhaa. Panda mti mbele ya ukuta unaotazama kusini au kusini-magharibi. Matofali hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, na nyuzi mbili tatu hizo ndizo zinazookoa moyo.

Acha kama mita moja na nusu kutoka ukutani. Epuka bondeni, maana hewa baridi hutiririka kama maji na kutuama mahali pa chini. Epuka pia pembe ya nyumba inayopitisha upepo: mkoma wa China haufi kwa upepo, lakini majani yake huchanika yakawa matambara.

Hatua ya nne: shimo

Panda Mei au Juni, sakitu ya mwisho ikishapita, ili mizizi ipate kiangazi kizima cha kushika. Wengi hupanda Septemba kwa sababu miti huwa imeshushwa bei. Mizizi haipati muda, na Januari inaukuta mti bado mgeni.

Chimba shimo la kina kile kile cha chungu, upana mara mbili. Kabla ya kupanda, lijaze maji. Hapa pwani udongo wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yakimwagwa yanazama mara moja, na hatufikirii jambo hili kabisa. Sehemu nyingi za Uingereza udongo ni mfinyanzi. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake, usipande humo. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, changanya udongo na changarawe nyembamba na mboji, upande juu ya tuta. Kuchimba shimo na kulijaza changarawe chini huku mfinyanzi ukilizunguka ni kutengeneza kisima: maji yote ya bustani yatakuja kutua humo.

Usiufukie mti kuliko ulivyokuwa kwenye chungu. Tunaopanda minazi tumezoea kuizamisha kidogo ili isimame na upepo. Kule udongo uliolowa ukigusa mahali majani yanapotokea, kuoza kunaanza. Kanyaga udongo kwa mguu, mwagilia ndoo mbili, basi.

Hatua ya tano: maji, chakula na kisu

Viangazi viwili vya kwanza, mkoma wa China upewe lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki mvua ikikosekana. Unapenda maji kuliko watu wanavyodhani. *Chamaerops* mpe nusu ya hayo. Mbolea iwe na naitrojeni, potasiamu na magnesiamu, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Baada ya hapo acha, maana jani laini lililoota Septemba ndilo la kwanza kuungua.

Jani la chini likigeuka manjano, usikimbilie kisu. Mti unanyonya potasiamu kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, ukilikata unauibia. Ngoja likauke. Na yale ya kijani yaliyosimama wima usiyaguse kabisa, hata kama jirani amepunguza ya kwake yakabaki manne kileleni kama ufagio. Majani ndiyo koti la moyo.

Hatua ya sita: majira ya baridi yenyewe

Mti wangu wa kwanza niliua mwenyewe. Nilisikia theluji inakuja, nikachukua mfuko mkubwa mweusi wa plastiki, nikaufunika wote, nikafunga kamba chini kwa nguvu, nikaenda kulala nimeridhika. Niliufungua Machi. Majani yalikuwa bado kijani, nikafurahi. Kisha nikashika lile jani la katikati, likanijia mkononi bila kuvutwa. Mwisho wake ulikuwa mweupe, laini kama ugali uliotiwa maji, na harufu ilikuwa ya tembo la mnazi lililolala siku tatu. Baridi haikuua mti ule. Uliuawa na jasho lake mwenyewe ndani ya plastiki.

Tangu siku hiyo nimefanya hivi, na sijapoteza mwingine.

Novemba, siku isiyo na mvua, tandaza majani makavu au magamba ya miti juu ya mizizi, unene wa sentimita 10 hadi 15, kwa duara la mita moja. Yasirundikane kwenye shina, acha nafasi ya kiganja.

Kwa mti uliokomaa ulioko kusini mwa Uingereza, hiyo yatosha miaka mingi. Kwa mche, au mahali kipimo kinapoelekea nyuzi 8 chini ya sifuri, kusanya majani juu kwa kamba laini, kama unavyokusanya nywele, bila kukaza. Hakikisha ni makavu. Zungushia kile kitambaa cheupe chepesi kinachouzwa kwa kufunikia mimea, tabaka mbili au tatu. Kinapitisha hewa. Plastiki usiitumie kuzungushia hata siku moja.

Kitu kimoja tu cha plastiki kinaruhusiwa, nacho ni paa. Maji yanayotuama ndani ya kilele kisha yakaganda ndiyo hatari kubwa kuliko baridi yenyewe. Mpwa wangu alisimamisha vijiti vinne, akafunga juu yake kipande cha plastiki kigumu kinachopitisha mwanga, kikiwa kimeinama upande mmoja kama paa la kibanda cha makuti, pande zote wazi. Mvua inateleza, upepo unapita, kilele kinabaki kikavu. Kwa nchi ya mvua za baridi, paa hilo linasaidia kuliko blanketi.

Baridi ikizidi sana, watu huzungusha taa ndogo za mapambo ya Krismasi ndani ya kitambaa. Zinafanya kazi zikiwa za aina ya zamani yenye balbu za moto. Za LED zitapendeza tu, joto hazina. Waya ziwe za kutumika nje.

Theluji ikilala juu ya majani, ipukute kwa ufagio kabla haijayavunja vikonyo. Siku ya joto kidogo ikitokea katikati ya Januari, fungua kitambaa saa chache mti upumue. Ulio kwenye chungu uhamishie ukutani au gereji, maana mizizi iliyoko kwenye chungu huganda upesi kuliko iliyoko ardhini.

Walioko Limuru na Kinangop

Nao, walioko nyanda za juu za baridi hapa Kenya, hunipigia. Kule sakitu inakuja usiku mkavu usio na mawingu, na asubuhi saa tatu jua limeshawaka. Hamhitaji vifuniko vya miezi. Tupieni kitambaa au gunia jioni anga likiwa jeupe, mtoe asubuhi. Mkoma wa China unapenda hali yenu kuliko yetu, maana joto na unyevu wa Mombasa unaukera. Na kama mnataka mti usio na shida yoyote, pandeni mkindu. Ni wetu, unamea kuanzia pwani hadi nyanda za juu.

Jambo jingine ninaloombwa kila mara: "Nitumie mbegu kwa mtu anayesafiri." Simtumii mtu. Mche au mbegu ya kupanda inayovuka mpaka inataka cheti cha afya ya mimea, na hapa Kenya kinatolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Fukusi na ukungu husafiri hivyo hivyo, ndani ya begi la mtu mwenye nia njema.

Hatua ya saba: Machi, na mstari wa kalamu

Katikati ya Machi ondoa kila kitu. Mti utakuwa umechakaa, majani yamelala, mengine kahawia. Usikate bado. Lishike jani la katikati, livute kwa upole kama siku ile dukani.

Likitoka, linuse. Likiwa na harufu ya uchachu, safisha tundu kwa kitambaa kikavu, ondoa uozo wote unaofikika, mimina dawa ya ukungu yenye shaba kulingana na maelezo ya kibandiko, kisha weka paa lile lile kilele kikauke. Halafu ngoja hadi Julai. Nimeona mti uliokaa miezi minne kama mlingoti, kisha jani lililokatika nusu likachomoza katikati. Lile la pili lilikuwa zima.

Likikataa kutoka, chukua kalamu ya wino usiofutika. Chora mstari mmoja mlalo, uanze kwenye jani lililofungika na uendelee hadi kwenye kikonyo cha jani la jirani. Kikonyo hakikui tena. Jani la katikati, kama moyo uko hai, litapanda, na mstari utakatika vipande viwili visivyolingana.

Mpwa wangu alichora wake tarehe 20 Machi. Wiki mbili hakuna kitu, akanipigia. "Mjomba, umekufa huu." Nikamwambia asiuguse. Tarehe 14 Aprili akanitumia picha, kidole chake cha shahada kimesimamishwa kando ya jani: mstari ulikuwa umepanda upana wa vidole viwili.